Nilifungua njia ya katikati kwenye sataranji, nikaiacha kwanza ikauke

Wakuu, salamu kwenu, wenye kukaa humu kila siku na wenye kupita tu.

Juzi niliona kijana mumoja anauliza humu: open file ni nini, na half-open file ni nini, kwa sababu anaanza chess na haelewi. Watu wenye akili wakamujibu. Wakaweka picha, wakaweka namba, wakaweka na mishale. Nilisoma majibu yote mpaka mwisho, na mimi ambaye jibu nilikuwa ninalijua, nikatoka nimepotea.

Basi acha nilete ya kwangu. Ni mambo yaliyonipata mimi mwenyewe, siyo ya kuambiwa. Kama kuna mahali nitadanganya, itakuwa ni kupunguza ujinga wangu, na hata huo nitajikaza nisiupunguze.

Maandishi yangu mutanisamehe. Shule niliishia ya pili, kwa Mapadri. Siyo kwamba walinifukuza, tulihama tu. Haya, walinifukuza kidogo pia. Tuendelee.

Ilikuwa zamani za Wabeleji, uhuru bado. Mimi nilikuwa mulinzi wa baria kwenye barabara ya Kasongo kwenda Kabambare, karibu na Wamaza.

Vijana wa leo hawajui baria ya mvua, ngoja niwaeleze, maana bila hiyo hamutaelewa chess yangu.

Barabara zetu zilikuwa udongo mutupu. Mvua ikinyesha, kamio moja tu, yaani lori, ikipita, inachimba mitaro ambayo kijiji kizima kitatoka na majembe kuifukia. Kwa hiyo Wabeleji waliweka baria: muti murefu unakata barabara, shina lake limefungiwa jiwe zito, ncha yake ina kamba. Mvua ikianza, ninashusha. Mvua ikiisha, sipandishi mpaka barabara ikauke. Kamio zinasimama, hata iwe ya tajiri gani. Gari la muzungu wa serikali peke yake ndilo lilipita wakati wowote.

Na nani anayesema barabara imekauka? Mimi. Ninatembea kwa unyayo, ninakanyaga hapa, ninakanyaga pale, ninakunja uso kama daktari. Saa ingine ilikuwa imeshakauka tangu asubuhi, lakini nilikuwa ninapenda kukunja uso.

Kazi hiyo ilikuwa na utamu mumoja mukubwa. Mulinzi wa baria hakulazimishwa kulima pamba. Wale wa umri wangu wanajua pamba ya lazima ilikuwa kitu gani. Wasiojua, mushukuru Mungu, tusonge mbele.

Muke wangu, Mama Zaina, alikuwa mutu wa Kasongo mujini, wa zile familia za Kiislamu za tangu zamani za Waarabu. Alinikubali mimi, Mukristo wa porini, siku ile ile nilipopata baria. Ninasema siku ile ile. Siku moja kabla alikuwa hanijui hata kwa jina.

Mukubwa wetu wa barabara alikuwa muzungu mumoja tuliyemuita Bwana Kijiti. Alitembea na kijiti mukononi, anakichoma barabarani kupima tope. Akikuta alama za tairi zimezama nyuma ya baria, mulinzi anakula fimbo, halafu anarudi kwao kulima pamba. Alikuwa hatangazi safari zake. Unasikia gari, ameshafika.

Sasa sataranji. Ndiyo hiyo munaita chess.

Kulikuwa na shofere mumoja wa Kasongo, jina lake Amisi. Alikuwa wa mutaa mumoja na muke wangu, kwa hiyo aliniita shemeki, na mimi nikamuita shemeki. Babu yake alimuachia sataranji ya zamani, vipande vya muti, vimelala ndani ya mufuko wa kitambaa. Farasi mumoja alikuwa hana kichwa. Mvua ikimukamata kwenye baria yangu, tunakaa barazani, anatandika mukeka, tunacheza mpaka nikunje uso na kusema barabara imekauka.

Alinifundisha vipande vyote kwa siku moja. Mufalme, waziri, tembo anayekata mushazari (ninyi munaita bishop), farasi, askari nane wa mbele, na zile mbili za pembeni zinazokwenda moja kwa moja, ambazo ninyi munaita rook. Yeye aliziita kamio. Alisema kamio haiwezi kuruka kama farasi, haiwezi kupita porini kama tembo. Kamio inataka barabara.

Halafu akaniambia neno ambalo ningelishika mapema, leo nisingekuwa na uzi wa kuandika.

"Shemeki, usiangalie vipande," alisema. "Angalia njia."

Kwake, ubao ulikuwa na njia nane zinazotoka kijiji chake kuja kijiji changu. Muchezo ukianza, kila njia ina baria mbili: askari wangu huku, askari wake kule. Kamio zote zimekwama nyumbani.

Askari anatembea mbele, lakini anakula kwa pembeni. Akila, anahama njia yake, anaingia njia ya jirani. Hapo ndipo njia zinafunguka. Ikibaki na baria zote mbili, imefungwa. Zikiondoka zote mbili, iko wazi, hiyo ndiyo open file. Ikiondoka moja, ikabaki moja, ni nusu wazi. Half-open, kijana wangu. Hakuna mishale.

Nikamuuliza Amisi, hiyo nusu ni ya nani?

Akanijibu nifikirie mwenyewe.

Ole wangu. Nilifikiria mwenyewe.

Kwa akili yangu, nusu ilikuwa ya yule mwenye baria. Kwani duniani mimi ndiye nilikuwa na baria, na kila mutu alinibembeleza mimi. Kwa hiyo kila njia ambayo askari wake ameondoka na wangu amebaki, mimi nilifurahi. Nilihesabu njia zangu za nusu kama mutu anayehesabu mbuzi. Naye Amisi anasogeza kamio yake taratibu, anaisimamisha mwisho wa njia ile, inamutazama askari wangu usoni. Halafu kamio ya pili nyuma ya ya kwanza. Halafu askari wangu anakwenda, na nyuma yake kijiji kizima.

Nilipigwa hivyo msimu muzima wa mvua. Sikuelewa. Nilidhani ni bahati yake, au ni dawa. Nilimuuliza Mama Zaina kama familia ya Amisi wana dawa, akacheka mpaka akaweka sufuria chini.

Kilichonifungua macho ni kazi yenyewe.

Siku moja mvua imekatika, tope bado, ikaja kamio moja ikasimama mbele ya baria. Shofere akapiga honi. Nikavumilia, mutu mumoja ninamuweza. Ikaja ya pili ikasimama nyuma ya ile. Sasa wa pili anamusukuma wa kwanza kwa maneno, wa kwanza ananisukuma mimi, wote wawili wameshuka, mumoja ameshika kamba yangu. 

Ndipo Mama Zaina akatoka jikoni na muchi wa kutwangia sombe, yale majani ya muhogo, akasimama ubavuni mwangu. 

Wakarudi kwenye kamio zao.

Usiku nikiwa nimelala ndiyo akili ikaja. Mwenye baria ndiye anayeteseka! Mwenye njia safi upande wake ndiye anayesukuma. Wanaosukuma wawili, walinzi lazima wawe wawili. Wanaosukuma wawili na mulinzi mumoja, baria inakwenda.

Kwa hiyo kijana, shika hapo: njia nusu wazi ni faida ya yule ambaye askari wake ameondoka. Weka kamio pale, inamutazama askari wa mwenzako. Ongeza ya pili nyuma yake. Na kama wewe ndiye mwenye askari anayetazamwa, tafuta mutu wa kusimama naye.

Baada ya kuelewa hiyo moja, wakuu, nilivimba.

Nikawa ninawapiga wasafiri wote wanaokwama kwenye baria. Nilimupiga katekista mumoja wa Wamaza, ingawa yule alikuwa anarudisha askari nyuma na hakuna aliyemukataza. Nilimupiga fundi cherehani. Nikatoka sare na Amisi mwenyewe, siku ambayo alikuwa na homa. Watu wakaanza kuniita Bwana Sataranji. Sawa, nilijiita mwenyewe, lakini mutu mumoja aliitikia.

Sasa fungueni masikio, hapa ndipo penyewe.

Mvua kubwa ilinyesha tangu alfajiri. Ilipokatika, Amisi akafika akitokea Kabambare, mvua imemukuta njiani, anakwenda Kasongo, kamio imejaa ndagala zilizokaushwa, vile visamaki vidogo vya ziwani. Turubai lake lilikuwa limepasuka, mvua imeingia. Wakuu, ndagala kavu ikilowa usiku mumoja, unaweza kuila. Ikilowa siku mbili, inaanza kukutafuta wewe.

Akaniomba nimupandishie baria. Nikakanyaga barabara, tope likapita katikati ya vidole. Nikakataa. Ilikuwa imesemwa kwamba Bwana Kijiti yuko Kasongo, anaweza kutokea wakati wowote.

Akaomba kwa ushemeki. Nikakataa. Akaomba kwa jina la watoto wangu. Nikakataa, na nilikuwa ninajisikia mukubwa sana.

Hapo akaenda kwenye kamio, akarudi na ule mufuko wa kitambaa.

"Basi tucheze," alisema. "Nikikupiga, unapandisha. Ukinipiga, ninalala hapa mpaka wewe mwenyewe useme, na sitafungua mudomo. Au Bwana Sataranji anaogopa?"

Wasafiri wake walikuwa wameshashuka na kutuzunguka. Mutu mwenye akili angesema ndiyo, anaogopa.

Mama Zaina aliniita pembeni. Sauti yake ilikuwa ya chini, ile ya chini ambayo ni mbaya kuliko ya juu.

"Baba Zaina, ukifukuzwa hapa, mimi siendi kwenu kulima pamba. Utalima na huyo mufalme wako wa muti."

Nikamuambia asiwe na wasiwasi, nimeshamuelewa Amisi. Alinitazama kama mutu anayetazama mbuzi inayovuka muto.

Tukaanza.

Na mimi nilianza vizuri, wasiseme watu. Askari wangu wa katikati alikutana na askari wake wa katikati. Wakalana, wakalana tena, nikaangalia: njia ya katikati, ile inayotoka nyumba ya mufalme wangu kwenda nyumba ya mufalme wake, wafalme wenyewe wameshahama kando, haina baria hata moja. Nyeupe. Nimeifungua mimi, kwa mukono wangu. Nikawatazama wasafiri. Mumoja alitikisa kichwa kwa heshima, au alikuwa anafukuza nzi wa ndagala, sijui.

Sasa munielewe vizuri. Kamio yangu ilikuwa zamu moja tu kutoka kwenye ile njia. Ningeisogeza pale, njia ingekuwa yangu.

Sikuisogeza.

Wakuu, mimi nilikuwa mutu wa barabara. Nilifundishwa, nikakemewa, nikatishiwa fimbo, kwamba barabara mupya haipitishi kitu. Unaifungua, unaiacha ikauke. Na wakati inakauka, kapita, yule musimamizi wa barabara, anakufundisha uende pembeni ukasafishe mitaro ya maji. Mukono wangu ulikwenda wenyewe. Nilichukua askari wa pembeni kabisa kushoto, nikamusogeza. Halafu zamu iliyofuata, askari wa pembeni kabisa kulia, nikamusogeza.

Ninaapa mbele yenu: nilikuwa ninasafisha mitaro ya ubao wa sataranji.

Amisi alinitazama. Akauliza kama nimemaliza. Nikamuambia taratibu, barabara bado.

Akasogeza kamio yake kwenye njia yangu.

Sikushituka hata. Nilidhani anapita. Zamu iliyofuata kamio ikashuka njia nzima bila kusimama, ikaingia mpaka musitari wa askari wangu, kule kwenye nyumba zangu, ninyi munaita seventh rank, ikageuka pembeni ikaanza kuwala mumoja mumoja. Nyuma yake ikaja kamio ya pili kwenye njia ile ile. Mimi kamio zangu mbili zilikuwa bado zimelala pembeni, kila moja inatazama mutaro safi.

Mufalme wangu hakufika mbali.  Musafiri mumoja alisema tu, "Kumbe."

Nikainuka.

Niliitazama barabara. Ilikuwa inang'aa maji. Mama Zaina alikuwa amesimama mulangoni, muchi hakushika, na hiyo iliniogopesha zaidi. Lakini neno limetoka mbele ya watu. Nikaenda kwenye kamba. Niliilegeza huku ninajiona tayari nimeinama kwenye shamba la pamba kwetu, na baba mukwe amekuja kukaa kivulini, anauliza habari za sataranji.

Baria ikapanda.

Sasa Amisi, mutu aliyeshinda, alikuwa na ugonjwa wake. Vile vipande vya babu yake hakuvifunga haraka. Alivifuta kimoja kimoja kwa kanzu. Halafu yule farasi asiye na kichwa akawa haonekani, watu wakainua mukeka. Halafu akaanza kumueleza musafiri mumoja jinsi alivyoona, tangu mapema kabisa, kwamba mimi nitasafisha mitaro. Njia iko wazi mbele yake, kamio imezimwa, na yeye anasimulia.

Tukasikia gari.

Lilitokea upande wa Kasongo, likakata kona, likapita chini ya baria yangu iliyonyooka juu, likasimama mbele ya nyumba. Bwana Kijiti akashuka. 

Alitazama baria. Alitazama kamio ya Amisi. Alinitazama mimi na kamba mukononi.

"Nani alisema fungua?"

Sijui maneno yalitoka wapi. Mimi nilikuwa ninafungua mudomo ili nilie.

"Nilisikia gari lako, Bwana."

Akageuka nyuma. Akachoma kijiti. Upande ule wa Kasongo kulikuwa na alama za gari moja tu, na zilikuwa zake. Akasimama pale muda ambao mimi niliuona murefu kuliko msimu wa mvua. Halafu akasema kwamba walinzi wengine wanamungojesha, wanalala, na huyu hapa ana masikio. Akaniamuru nishushe, na kamio ile isitoke mpaka yeye arudi kutoka Kabambare. Akaingia garini, akaenda zake.

Nikashusha. 

Amisi alikuwa bado ameshika mufuko wake. Alikaa kwenye ngazi ya kamio, akatazama ile baria, akatazama alama za tairi.

"Shemeki," alisema, "ile njia nilifungua mimi."

"Na aliyepita ni Kijiti," nikamujibu.

Halafu akaanza kucheka, cheko la mutu ambaye ndagala zake zinaoza. Akasema miaka yote anafundisha watu jambo lile lile, na leo limemukwamisha yeye mwenyewe kwenye baria: njia iliyo wazi haina mwenyewe. Haimujui aliyeifungua. Inamujua yule aliyeingiza kamio kwanza.

Alikaa kwetu mpaka Kijiti aliporudi. Ndagala tulianika upya juu ya paa, juu ya miti, juu ya baria yenyewe. Nyingi zilipona. Mama Zaina hakunisemesha siku zote hizo isipokuwa kwa kupitia Amisi: dada anasema ulete maji, dada anasema usogee.

Kazi sikuipoteza. Kijiti alinipa hata kofia, kwa ajili ya masikio yangu.

Basi kijana uliyeuliza, somo ni hili. Kabla ya kulana askari, jiulize njia itakayofunguka, ni kamio ya nani itafika kwanza. Kama ni yako, fungua. Kama ni ya mwenzako, acha baria chini. Na ukishafungua, usisafishe mitaro. Ingia.

Lakini usinisikilize sana. Amisi alipopita tena, niliifungua njia ya katikati na nikarusha kamio zamu ile ile, haraka, bila kungoja kukauka. Sikutazama kwamba tembo wake alikuwa amejificha porini, anaitazama njia ile ile. Akaila kamio yangu, na muchezo ulikuwa bado wa asubuhi.

Kwa hiyo ninyi munaojua, munisaidie kwenye comments. Mwenzako akiwahi njia kabla yako, unamupelekea kamio muparurane pale pale, au unamuachia unatafuta njia ingine? Nimecheza tangu zamani za Wabeleji na hilo bado sijalijua. Munijibu kwa maneno, tafadhali. Mishale hapana.